Sentensi Ndefu za Erastus

Kasyoki alikuwa mwanamke wa kushuku. Maziwa ya jirani aliyanusa mara mbili kabla ya kuyatia kwenye chai. Kuku akikawia kutaga, hakusema kuku amechoka. Alisema kuna mtu anayepita bandani alfajiri. Mchungaji akihubiri juu ya uaminifu Jumapili mbili mfululizo, Kasyoki aliangaza macho kanisani kutafuta nani amefanya nini. Watu wa Mwala walikuwa wamemzoea. Walimcheka, na wengine walimwogopa kidogo, kwa sababu mara nyingine alipatia.

Basi unaweza kufikiria mwenyewe ilivyokuwa siku mumewe alipoanza kurudi nyumbani na daftari.

Erastus Ndambuki alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha saruji kule Athi River, na alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, Jumamosi. Mfuko wake ulikuwa na vitu vilevile miaka nenda miaka rudi: nguo chafu, mkate, na gazeti la juzi. Mwezi wa pili mwaka huu mfuko ukawa na daftari pia, la jalada la bluu, kama lile ambalo mtoto wa darasa la sita hununuliwa shule zikifunguliwa. Hakuliweka mezani. Alilifunga ndani ya shati, shati akalitia ndani ya suruali, suruali akaisukumia chini kabisa ya mfuko. Mwanamume anayeficha kitu ndani ya nguo chafu, nyumbani kwa mke anayezifua nguo hizo, anahitaji maombi.

Kasyoki alilipata Jumapili asubuhi, Erastus akiwa bado anaoga. Alikaa juu ya karai lililopinduliwa, akalifungua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi fupi fupi za Kiingereza, kwa mwandiko wa Erastus unaoinama kushoto. Hizo Kasyoki aliziweza. Alikuwa amefika darasa la saba, na Kiingereza cha mwanzo mwanzo hakikuwa kimemtoka chote. Nina mke. Mke wangu anaishi Mwala. Mutanu amefika. Mutanu ana sauti nzuri. Ninapenda Jumanne. Kando ya kila sentensi palikuwa na alama ya wino mwekundu, na chini kabisa, kwa mwandiko mwingine mwembamba wa mtu aliyekaa akatulia, palikuwa na maneno: Vizuri sana, Erastus. Tutaonana Jumanne.

Mutanu ni nani? Na Jumanne kuna nini?

Alifunua kurasa mbili tatu. Huko mbele sentensi zilianza kurefuka, zikavuka mstari mmoja, zikaingia wa pili, nyingine hadi wa tatu. Hapo Kasyoki alikwama. Macho yake yalidaka neno moja moja, mke hapa, Mutanu pale, ogopa kule, na katikati ya maneno hayo hakuona kitu. Basi akajaza mwenyewe. Alikuwa fundi wa kujaza. Kabla Erastus hajamaliza kujifuta maji, Mutanu alikuwa tayari ana nyumba ya kupanga Athi River, pazia jekundu na jiko la gesi.

Hakumwuliza. Mtu asiyewajua hawa wawili atashangaa, kwa maana Kasyoki hakuwa mtu wa kumeza maneno. Lakini angemwuliza vipi? Pale kijijini, Erastus ndiye aliyekuwa msomaji. Karatasi yoyote ya Kiingereza, iwe imetoka kwa chifu, shuleni, hospitalini au ofisi ya ardhi, ililetwa kwake Jumapili baada ya ibada. Angevaa miwani, akohoe kidogo, aipitishe macho upesi, kisha aieleze kwa Kikamba kizuri mpaka mwenye karatasi aondoke ametulia. Kasyoki ndiye aliyeleta stuli ya mgeni. Baada ya hapo alisimama nyuma ya mumewe, mikono kifuani, akijisikia kama mke wa gavana. Siku ya ntheo, wakati mbuzi watatu walipopelekwa kwao kumchumbia, wajumbe wa Erastus walisema kijana wao amemaliza kidato cha nne, na mama yake Kasyoki alilirudia jambo hilo sokoni mwaka mzima.

Sasa, ukimwuliza Erastus maana ya karatasi, Erastus atakupa maana. Nani wa kumsahihisha? Angemsomea daftari lake mwenyewe vile alivyotaka lisomeke, na Kasyoki angebaki hapo anaitikia kwa kichwa kama wale wengine. Na kumpelekea mtu mwingine alisome ni sawa na kulibandika kwenye ukuta wa posho mill, pale kijiji kizima kinaposaga unga. Mtoto wao Munyao alikuwa shule ya bweni. Mama yake Kasyoki, Mbithe, angekuwa hai, angemwendea huyo kumlilia. Lakini Mbithe alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa sukari na kidonda cha mguu, siku chache baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na tangu hapo Kasyoki hakuwa na mtu wa kumwambia jambo lisirudi kwake kwa njia ya kisima.

Alipiga moyo konde. Kama ndoa yake ya miaka kumi na sita ilikuwa imeandikwa mle ndani kwamba imekwisha, angeisoma yeye mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe.

Mwalimu Nthambi aliishi mwendo wa dakika kumi, ng'ambo ya bwawa la mchanga, lile linalozuia maji ya mto. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na moja, na jioni za Jumatano alifundisha gumbaru, lile darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Kasyoki hakutaka ukumbi. Alitaka mezani kwa Mwalimu, peke yake, mlango umefungwa. Akatunga uongo njiani: kikundi cha akina mama kimemchagua awe katibu, na barua za wafadhili zinakuja kwa Kiingereza.

Mwalimu Nthambi alimtazama juu ya miwani kwa muda. Katibu wa kikundi hicho alikuwa yeye mwenyewe Mwalimu Nthambi, kwa mwaka wa nne sasa. Lakini mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja ameshasikia uongo wa kila aina, na anajua ule unaofaa kuachwa ulivyo. Alimwambia alete kalamu.

Mwezi wote wa kwanza wa masomo walirudia zile fupi. Sentensi sahili, Mwalimu alieleza, ina jambo moja na inajisimamia. Mbuzi amekunywa maji. Umesikia, umeelewa, unaenda zako. Kasyoki alizimaliza haraka, akaanza kugonga meza kwa kidole. Alitaka zile ndefu.

"Ndefu ziko na mama na mtoto," Mwalimu Nthambi alimwambia. "Mama anaweza kusimama peke yake. Mtoto hawezi. Nikikuambia 'ingawa mbuzi amekunywa maji', halafu ninyamaze, utafanya nini?"

"Nitangoja," Kasyoki alijibu. "Kuna kitu unanificha."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Akamwambia hivyo ndivyo ilivyo hasa. Akamwonya asiikimbie sentensi kwa sababu ni ndefu. Amtafute mama kwanza, kisha arudi amchukue mtoto, kwa maana watu wengi humbeba mama wakaenda, na jambo lenyewe likabaki nyuma kwa mtoto.

Kisha akampa vile vijineno vidogo vya Kiingereza vinavyosema ingawa, kama, mpaka, kwa sababu, isipokuwa. Wanafunzi wengine huvichukia. Kasyoki alivishuku, na kushuku ndiyo kazi aliyoijua. Aliona mara moja kwamba vijineno hivi ni kama jirani anayekuja kuomba chumvi: vinaingia kimya kimya, na vikishaingia nyumba nzima inageuka. Nitakuja, ni ahadi. Nitakuja kama, si ahadi tena. Mwalimu Nthambi alikiri kwamba hajawahi kuwa na mwanafunzi asiyeamini sentensi hata moja, na kwamba inasaidia.

Huko nyumbani, wakati huohuo, Erastus alizidi kuharibika. Alikonda. Alisahau ugali sahanini. Kiti chake cha siku zote, kinachotazamana na picha ya marehemu Mbithe iliyotundikwa ukutani, alikihama, akakaa karibu na mlango, mgongo kwa picha. Kasyoki aliona, akajua: pale mlangoni ndipo simu inaposhika mtandao. Mzee Kiema alipoleta barua ya ofisi ya ardhi, Erastus hakuisoma upesi kama zamani. Aliishika muda mrefu, midomo ikicheza, akairudia, mwishowe akamwomba mzee aiache mpaka atakaporudi tena. Mzee Kiema aliondoka amechanganyikiwa. Kasyoki, aliyekuwa nyuma na mikono yake kifuani, alisema moyoni kwamba mwili uko Mwala lakini akili imebaki kwa Mutanu.

Na kila baada ya wiki mbili, Erastus akienda kikao cha wazee wa kanisa, Kasyoki alilitoa daftari mfukoni. Hakuwa na muda wa kusoma. Alinakili. Alichagua sentensi moja ndefu yenye jina la Mutanu, akaiandika herufi kwa herufi nyuma ya karatasi ya kalenda, akarudisha daftari ndani ya shati, shati ndani ya suruali. Alichungulia mlangoni kama mwizi, na alikasirika kwamba yeye ndiye anayejificha.

Sentensi iliyomwangusha aliifungua mwezi wa tano, mchana, akichambua ndengu. Alikuwa ameitandaza ile karatasi ya kalenda juu ya goti. Alimtafuta mama kama alivyofundishwa, akampata: ninaogopa. Akarudi nyuma, neno kwa neno, kuwachukua watoto, na kila alipomwokota mmoja moyo ulishuka kidogo. Alipomaliza aliisoma yote kwa sauti ya chini: Ingawa Mutanu ananiambia kila Jumanne kwamba lazima nimwambie mke wangu, ninaogopa, kwa sababu akijua ataondoka.

Hakulia. Alimaliza kuchambua ndengu zote, akatoa mawe, akapeta, akaziosha. Alishangaa mikono inavyoweza kuendelea na kazi mtu akiwa amekufa. Alikuwa amejitesa miezi mitatu kutafuta jibu, akidhani labda, pengine, huenda amekosea. Kumbe hakukosea. Alikuwa na haki, na haki yenyewe ilikuwa chungu.

Basi alipanga. Ataondoka, tena ataondoka na ushahidi. Jumamosi atakaporudi Erastus, daftari litatoka mfukoni kwa mara ya mwisho, litakwenda naye mpaka kwa kaka yake Mutiso, na Mutiso ataitisha wazee wa pande zote mbili. Alimtangulizia kaka yake ujumbe kwamba Jumamosi jioni asitoke nyumbani, wana jambo. Mutiso aliuliza jambo gani. Kasyoki alimjibu kwamba ataliona.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwethya, siku ambayo kila boma hutoa mtu wa kufanya kazi ya pamoja. Walikuwa wanaziba ufa kwenye ukuta wa bwawa. Erastus alifika saa tano, akanywa chai akiwa amesimama, akachukua sepetu. Aliuliza kama wataenda pamoja.

"Niko na kichwa," Kasyoki alisema bila kumtazama. "Enda tu, Baba Munyao."

Erastus alisimama mlangoni kana kwamba ana neno. Alikwenda.

Kasyoki alingoja mpaka kofia yake ilipotelea nyuma ya mikatani. Kisha akalitoa daftari, akaketi mezani wala si kwenye karai, akalifungua kutoka nyuma, kwa sababu alitaka kujua wawili hao wamefika wapi.

Kurasa za nyuma hazikuwa na Mutanu. Hilo lilimshtua kwanza. Kulikuwa na sentensi moja tu, ndefu, ya Kiingereza, imeandikwa ukurasa mzima, kisha ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Erastus alikuwa ameikata kwa mistari ya penseli, hapa mama, hapa mtoto, hapa mtoto mwingine, na chini ya kila kipande akaandika maana kwa Kikamba, akaifuta, akaiandika tena. Katikati ya kurasa hizo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Juu yake palikuwa na muhuri wa hospitali, na chini ya muhuri jina la mama yake, Mbithe.

Aliifahamu karatasi ile. Ilitoka hospitalini siku walipompeleka mama nyumbani. Erastus aliisoma palepale kitandani pa mgonjwa, familia yote imezunguka. Kasyoki aliilaza mezani, akainyoosha kwa kiganja.

Zile fupi zilikuwa tatu, na alizielewa upesi. Mgonjwa anaendelea vizuri. Anaweza kwenda nyumbani. Arudi kliniki tarehe kumi na nne. Hayo hayo ndiyo maneno aliyosoma Erastus, Kasyoki aliyakumbuka moja moja. Lakini kati ya ya pili na ya tatu kulikuwa na sentensi nyingine, ya mistari mitatu, ambayo hakukumbuka kuisikia. Ilikuwa ndiyo ile ya kwenye daftari.

Aliweka kidole. Alimtafuta mama: lazima arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Nani? Mgonjwa. Lini? Hapo ndipo palipokuwa na watoto. Kama kidonda kitabadilika rangi. Au kama atapata homa. Hata kama tarehe ya kliniki haijafika. Kwa sababu sumu inaweza kuingia kwenye damu.

Alisoma tena toka mwanzo, polepole, akitumaini amekosea kijineno kimoja. Hakukosea. Mwalimu Nthambi alikuwa amemfundisha vizuri.

Mguu wa mama ulianza kuwa mweusi siku ya tano.

Erastus alirudi saa tisa, matope mpaka magotini. Aliona daftari mezani, akaona karatasi pembeni yake, akaweka sepetu chini taratibu sana. Hakuuliza nani kakuambia uguse mfuko wangu. Alikaa kwenye kile kiti alichokihama, kinachotazamana na picha.

"Mutanu ni nani?" Kasyoki aliuliza. Alijua halikuwa swali tena, ila alihitaji pa kuanzia.

Erastus alieleza akitazama mikono yake. Mutanu ni mwalimu. Mwezi wa kwanza kiwanda kilisema kila msimamizi wa zamu ataandika ripoti kwa Kiingereza, na asiyeweza atarudishwa kubeba mifuko. Wakaletewa mwalimu, kila Jumanne, saa ya chakula. Yeye hakumaliza kidato cha nne. Kidato cha kwanza chenyewe alikaa muhula mmoja, baba yake akafariki. Wajumbe wa ntheo walisema walivyosema, naye akanyamaza, na baadaye barua zikaanza kuja. Zile sentensi fupi alizielewa kweli. Akazizoea. Ndefu alizipita.

"Ukazipita," Kasyoki alisema.

"Nilifikiri zinarudia tu zile fupi. Nilifikiri ni maringo ya Wazungu, kusema kitu kimoja mara mbili."

Halafu walipofika sentensi changamano, aliendelea, Mutanu aliwaambia kila mmoja alete karatasi yoyote ya nyumbani iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alichukua ya juu katika sanduku la makaratasi la hapo nyumbani bila kuangalia. Aliifungua mbele ya wenzake kumi na wawili na kuanza kuikata kama walivyoonyeshwa, na alipofika katikati, sauti ikakataa. Mutanu aliisoma, akauliza mgonjwa huyu yuko wapi sasa. Tangu siku hiyo kila Jumanne alimwambia amwambie mkewe. Na siku ile hospitalini, kama Kasyoki alitaka kujua yote, muuguzi alimweleza pia kwa mdomo, kwa Kiingereza, haraka haraka, kisha akamwuliza, umeelewa, baba? Naye akasema ndiyo.

Kasyoki alimsikiliza mpaka mwisho. Alijipapasa kutafuta ile hasira aliyoitayarisha wiki nzima, akaikuta ipo, lakini ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Angetamani jambo lenyewe liwe mwanamke. Mungu amsamehe, pale alipokaa alimtamani yule Mutanu wa pazia jekundu. Mwanamke unamtukana, unamfukuza, unamwachia mume au unamnyang'anya. Jambo hili angelifukuzia wapi?

"Siku ya tano," alisema, "mama alisema anataka kurudi hospitali. Ulikuwa bado likizo, nikaja kukuuliza."

"Ulikuja."

"Ukasema nini?"

Erastus aliitazama picha ukutani. "Nilisema barua inasema tarehe kumi na nne."

Mbithe alifariki tarehe kumi na moja.

Kasyoki aliinuka, akamwambia anawe miguu na avae viatu, wanakwenda kwa Mutiso kabla giza halijaingia, na barua aibebe yeye mwenyewe. Erastus hakubisha. Njiani Kasyoki alitangulia. Walikutana na watu waliotoka mwethya, wakawasalimia, wakaulizwa habari za nyumbani, wakajibu ni nzuri.

Mutiso alikuwa amewangoja na viti vitatu nje. Alikuwa mtu mkubwa wa kifua, mchimba mawe wa Lukenya aliyerudi nyumbani, na alimtazama shemeji yake kwa jicho la mtu aliyeambiwa kuna jambo na hakuambiwa jambo gani. Kasyoki alimwambia mumewe asome. Erastus alisimama, akavaa miwani. Alisoma yote, Kiingereza kwanza kisha Kikamba, fupi kwa ndefu, hakuruka hata kijineno kimoja. Alipofika pale kwenye rangi ya kidonda alisogeza karatasi karibu na macho, akaendelea mpaka kwenye damu. Kisha akasema kwa maneno yake mwenyewe kwamba siku ile hospitalini alisoma nusu, kwa sababu nusu ndiyo aliyoijua, na aliona aibu kusema.

Mutiso aliinuka kutoka kitini. Mshipa ulikuwa umesimama shingoni.

Wakati huo, Kasyoki alikuwa akimwona mama yake. Alikuwa akimwona amekaa kitandani siku ya tano, ameshika ukingo wa shuka, akisema, mwanangu, mguu huu si mguu tena, nirudisheni. Na alijiona mwenyewe, mwenye kunusa maziwa mara mbili, mwenye kumshuku kuku na mchungaji. Katika maisha yake yote aliamini kitu kimoja tu bila kukigeuza upande wa pili, na kitu hicho kilikuwa karatasi mikononi mwa mumewe. Mwalimu Nthambi alikuwa dakika kumi tu kutoka nyumbani kwao. Angeweza kuipeleka karatasi ile kwa miguu, kabla chai haijachemka. Hakuipeleka. Mke wa msomaji hapeleki karatasi kwa watu.

"Keti, Mutiso," alisema. "Bado haijaisha."

Kaka yake alimgeukia.

"Mama alitaka kurudishwa. Aliniambia mimi, mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia angoje."

Mutiso alibaki amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti, akiwatazama wote wawili kwa zamu. Mkewe alitoka jikoni na birika la chai, akaona nyuso zao, akarudi nalo ndani. Kasyoki alimpokonya Erastus ile barua, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaishika mwenyewe.